Jinsi ya kujisajili kwa SAT au GRE ukiwa Moshi au Arusha

Wengi wanaokwama kwenye mitihani hii hawakwamishwi na hesabu wala Kiingereza. Wanakwama kwenye jina, kwenye kadi ya malipo na kwenye kalenda. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye hayo matatu, na suala la kusoma nitaligusa kidogo tu.

Kwanza uliza kama unauhitaji

SAT ni ya wanaoomba shahada ya kwanza, hasa Marekani. GRE ni ya wanaoomba uzamili au uzamivu. Kama lengo lako ni UDSM, SUA, Mzumbe, au uzamili pale Nelson Mandela Tengeru, hakuna atakayekudai alama hizi, hivyo tunza hela yako.

Hata huko Marekani hawana msimamo mmoja. Kuanzia 2020 vyuo vingi viliufanya SAT kuwa wa hiari. MIT ikaurudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard nao wakatangaza kuurudisha, ingawa Yale wanakubali pia matokeo ya mitihani mingine kama IB. Vyuo vya University of California havizitazami alama za SAT kabisa. Upande wa GRE anayeamua mara nyingi ni idara: idara moja inaweza kuidai na ya jirani yake, chuo hichohicho, isiitake. Fungua ukurasa wa idara yenyewe usome masharti ya mwaka unaoombea. Usipoelewa, mwandikie mratibu wa udahili wa idara. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha, na hawaoni kero.

Pale wanaposema "hiari", ushauri wangu ni huu: kama umetoka shule ambayo huko hawaijui, alama nzuri itakusemea kuliko wastani wa darasani ambao hawajui kuupima. Alama ikiwa ya kawaida, iache. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye kabla ya kuamua, washauri wa EducationUSA wapo ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na ushauri wao ni bure. Anayekutoza hela mjini kwa maelezo hayohayo anakuuzia maji ya mvua.

Jina na pasipoti

Hapa usikimbie. Jina unalojisajili nalo lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Sisi huwa tuna majina matatu, na kila karatasi huyaandika kivyake: cheti cha Kidato cha Nne kinasema Neema E. Mushi, NIDA inasema Neema Elirehema Mushi, na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Neema Mushi tu. Mlangoni msimamizi hatasikiliza historia ya ukoo. Akiona tofauti anaweza kukurudisha, na ada haitarudi.

Dawa yake ni kuchagua karatasi moja iwe mama wa zingine, nayo ni pasipoti. Ndicho kitambulisho kisicholeta ubishi popote, na ukivuka mpaka kwenda kufanyia mtihani Nairobi ndicho kinachotakiwa. Pasipoti ya Tanzania ina sehemu mbili za majina: jina la ukoo peke yake, halafu majina mengine yote pamoja. Jaza fomu ya mtihani kwa mgawanyo huohuo, herufi kwa herufi. Kama majina ya NIDA na cheti cha kuzaliwa hayakubaliani, yarekebishe kabla ya kwenda Uhamiaji, maana ukishapewa pasipoti yenye kosa utaanza safari upya.

Maombi ya pasipoti yanaanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Utajaza fomu, utapewa namba ya malipo, kisha utachapisha fomu na kuipeleka ofisi ya mkoa, ya Arusha au ya Kilimanjaro pale Moshi, ambako watakuchukua alama za vidole. Gharama ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Beba namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, picha, na barua inayoeleza sababu ya kuihitaji. Kwa mwanafunzi, barua ya shule iliyopigwa muhuri hurahisisha sana mazungumzo. Anza hili kabla ya jambo lingine lolote.

Kalenda

Nje ya Marekani SAT hufanyika Jumamosi chache kwa mwaka: Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Mei na Juni. Usajili hufungwa wiki mbili hivi kabla ya tarehe, ila nafasi huweza kujaa mapema zaidi.

Sasa ziweke tarehe hizo juu ya kalenda yetu. Mei ni mtihani wa Kidato cha Sita, isahau. Juni na Agosti zinagongana na JKT kwa waliopangiwa mujibu wa sheria, na mafunzo yale ni ya miezi mitatu. Kambini hukai na kompyuta ukajifunza vokabulari. Zinazofaa zaidi ni Machi ukiwa bado shuleni, na Oktoba baada ya kutoka. Mimi humshauri mwanafunzi wa Kidato cha Sita afanye Machi kama kichwa chake kinabeba vitu viwili kwa pamoja. Kama hakibebi, asubiri Oktoba na atume maombi ya kawaida, ambayo vyuo vingi hufunga mwanzoni mwa Januari. Desemba huachia nafasi ndogo mno ya kurudia.

GRE haina shida hiyo. Unachagua siku mwenyewe, na unaweza kurudia baada ya siku 21, mara 5 ndani ya miezi 12. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya chuo, acha angalau miezi miwili: matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10, na unataka nafasi ya kurudia kama mambo yatakwenda kombo.

Akaunti na malipo

SAT: fungua akaunti kwenye tovuti ya College Board, wenye mtihani huo. GRE: kwenye tovuti ya ETS, wenye mtihani huo. Fungua mwenyewe, kwa barua pepe yako. Usitumie ya shule, ambayo inaweza kufungwa ukishamaliza, wala ya kijana wa intaneti kafe aliyekusaidia kujaza. Kuna watu mjini wanajitolea "kukusajilia" halafu nenosiri linabaki kwao. Matokeo yakitoka unaanza kumbembeleza mtu akufungulie akaunti yako mwenyewe.

GRE ni dola 220. SAT ina ada ya msingi pamoja na nyongeza kwa walio nje ya Marekani, na jumla huvuka dola 100. Malipo ni kwa Visa au Mastercard. Kadi nyingi za benki zetu hazifanyi manunuzi ya mtandaoni mpaka uombe zifunguliwe, kwa hiyo pita tawini siku kadhaa kabla, uulize pia kiwango cha juu kwa siku na kiwango cha kubadilisha dola. Kadi za mtandaoni za kampuni za simu nazo hufanya kazi, mradi salio liwe na ziada kidogo juu ya kiasi unachoona. Malipo yakikataa mara mbili, acha kubonyeza. Piga simu benki, uliza kwanza.

Msamaha wa ada ya SAT hauwahusu Watanzania walioko nyumbani, hivyo usipoteze wiki ukiufuatilia.

Mahali pa kufanyia

Kwa SAT ukumbi huchaguliwa ndani ya akaunti, wakati wa kujisajili. Andika Tanzania uone kuna nini tarehe hiyo, kwa sababu vituo hubadilika, na mara nyingi ni shule za kimataifa. Pasipokuwa na nafasi karibu, linganisha Dar na Nairobi kwa utulivu. Kutoka Arusha, Nairobi kwa njia ya Namanga ni karibu zaidi kuliko Dar, na saa zao ni zetu. Uende kokote, fika siku moja kabla. Milango hufungwa saa mbili asubuhi, na basi la usiku lililoharibika Korogwe si udhuru.

SAT ya sasa ni ya kompyuta tupu, kupitia programu ya Bluebook. Ipakue kwenye kompyuta mpakato au iPad utakayoitumia (simu haikubaliki), na siku tano kabla ya mtihani ifungue ukamilishe maandalizi upate tiketi. Huna kompyuta? Unaweza kuomba ya kuazima, lakini ombi liwe limeingia siku 30 kabla. Jambo zuri la Bluebook ni kwamba intaneti inahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma. Ikikatika katikati unaendelea tu.

GRE ina njia mbili: kituoni au nyumbani. Ya nyumbani huokoa nauli, lakini hapo ndipo umeme na mtandao wetu hutahiniwa pamoja nawe, kwa kuwa intaneti lazima iwepo muda wote. Chaji kompyuta ijae, unganisha ruta kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na simu ya mtandao mwingine iwe tayari na bando. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, meza na kiti cha kawaida, kitandani hairuhusiwi. Asiingie mtu. Masikio yawe wazi, hakuna visikizio. Msimamizi atakuona kwa kamera na atakuomba uzungushe kompyuta aone chumba kizima, kisha utatumia kioo cha mkononi au simu kumwonyesha skrini yako, halafu simu unaiweka mbali. Karatasi ya kawaida ya kukotolea hesabu ni marufuku. Nunua ubao mdogo mweupe na kalamu inayofutika, au mfuko wa plastiki angavu wa steshenari utie karatasi ndani na kuandika juu yake. Zoea kukotoa hesabu juu ya plastiki hiyo wiki nzima kabla, kwa sababu kalamu zile huteleza na tarakimu huwa kubwa kuliko ulivyozoea.

Kuchagua saa: tovuti itaandika 8:00 PM, nayo ni saa mbili usiku. Asubuhi ya katikati ya wiki ndiyo bora. Ukikaa jirani na ukumbi wa sherehe Moshi, Jumamosi jioni ni ya matarumbeta, si ya GRE.

Kusoma

GRE tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi saa 1 na dakika 58: insha moja ya dakika 30, sehemu mbili za lugha, mbili za hesabu. Hesabu zake hazina kalkulasi wala trigonometria. Daftari zako za Kidato cha Tatu na cha Nne zinatosha, ongeza takwimu. Lugha ndiyo mlima. Mada zote za insha ETS wamezitangaza hadharani, kwa hiyo zipitie. SAT ni saa 2 na dakika 14, na ukifanya vizuri sehemu ya kwanza ya somo, ya pili huwa ngumu zaidi, usishtuke. Katika yote miwili jibu lisilo sahihi halikatwi alama, hivyo usiache swali wazi.

Vitu vya bure vinatosha kuanzia: majaribio kamili ndani ya Bluebook na mazoezi ya Khan Academy kwa SAT, majaribio mawili ya POWERPREP kwa GRE. Fanya la kwanza kabla hujasoma chochote, kwa saa kamili, ndipo utajua wapi pa kuweka nguvu. Nyumbani kukiwa na kelele, maktaba ya mkoa ipo, Arusha na Moshi pia.

Baada ya mtihani

Ukimaliza GRE utaona alama zako za lugha na hesabu papo hapo, kila moja kati ya 130 na 170, na utaulizwa kama uzitume. Siku hiyo unaruhusiwa vyuo vinne bure. Baada ya hapo kila chuo ni cha kulipia. Nenda na orodha ya vyuo vinne uliyokwisha kuiamua, pamoja na majina kamili ya idara, maana ukiwa umechoka ni rahisi kubonyeza chuo kingine chenye jina linalofanana. Alama za GRE hudumu miaka 5. Ukikosa ufadhili msimu huu, unaweza kuombea tena kwa alama zilezile kupitia akaunti ileile, kwa hiyo andika nenosiri mahali ambapo hutalipoteza.