Namna ya Kuandaa Siku ya Utamaduni wa Jamii Kwenye Makumbusho

Abiria wengi wa daladala za Makumbusho jijini Dar es Salaam hulitaja jina hilo kila siku bila kuwahi kuingia katika Kijiji cha Makumbusho chenyewe, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo ili kuonyesha nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, kama vile msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Nyumba isiyo na mtu ndani yake haisemi mengi, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 kijiji hicho kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni, ambapo jamii moja hualikwa kuja kujenga, kupika, kucheza na kusimulia mambo yake mbele ya umma. Mwongozo huu unamhusu mhifadhi, ofisa elimu wa makumbusho au kiongozi wa umoja wa wazawa anayetaka kuandaa siku ya namna hiyo, hata kama makumbusho yake ni chumba kimoja cha kumbukumbu wilayani.

Kwanza kabisa, kubalini kwamba siku hiyo ni ya jamii, na kwamba makumbusho yanatoa uwanja, ulinzi na utaalamu wa kuhifadhi. Makumbusho mengi huanza kinyume: ratiba huandikwa ofisini, kisha hutafutwa kikundi cha ngoma cha kujaza nafasi kati ya hotuba. Matokeo yake ni burudani ya saa moja ambayo ingeweza kufanyika hotelini. Anzeni miezi sita kabla, na muwafuate wazee kwao badala ya kuwaita kwa barua. Fikeni, msalimie, mketi, mwaeleze nia yenu, kisha muwaachie muda wa kushauriana wao kwa wao. Huenda jibu likapatikana katika safari ya pili au ya tatu, na bajeti iwe imezingatia hilo.

Wazawa wanaoishi mjini na wale waliobaki kijijini wanahitajika wote wawili, kwani wa mjini mara nyingi wana michango, usafiri na jamaa wa kujaza uwanja, ilhali fundi wa kufinyanga vyungu, mpigaji wa zeze na bibi anayekumbuka nyimbo za kutwanga wako kijijini. Hakikisheni pia kwamba kamati si ya wanaume watupu. Ufinyanzi, ususi wa mikeka, mapishi na nyimbo za malezi ni maarifa ambayo katika jamii nyingi yamo mikononi mwa wanawake, na mwanamume hata akiwa mzee kiasi gani hawezi kuyasemea ipasavyo.

Katika vikao hivyo waulizeni wazee ni vitu gani visivyoruhusiwa kuonekana hadharani. Mafunzo ya jando na unyago yana sehemu zinazoweza kuimbwa mbele ya watu wote na sehemu za ndani ambazo kungwi hatazitamka mbele ya mtu asiyepitia, na mipaka hiyo iheshimiwe hata kama mpiga picha wa televisheni anaomba. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, yaani mila, nyimbo, ngoma na ufundi wa kurithishana, unautambua urithi huo kuwa ni ule ambao jamii zenyewe zinaukubali kuwa ni urithi wao. Kwa hiyo neno la wazee katika suala hili ndilo linalomaliza.

Watumieni pia wazee hao ghalani, mahali makumbusho yanapohifadhi vitu vyake. Katika makumbusho moja niliyowahi kufanya kazi, kibuyu kilikuwa kimekaa miaka mingi kabatini kikiwa na lebo iliyosema ni chombo cha kuhifadhia mbegu. Mzee mmoja mfugaji alikiomba, akakifungua, akakinusa, kisha akatupa tukinuse sisi: kwa mbali sana ilisikika harufu ya moshi. Kilikuwa kibuyu cha maziwa, kilichofukizwa kwa kijinga cha moto kama ilivyo desturi ya wafugaji, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha. Lebo ilibadilishwa, lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba mzee huyo alikubali kuonyesha ufukizaji wenyewe mbele ya wageni, na hapakuwa na onyesho lililovuta watu kuliko hilo. Ziara ya ghalani iwekwe angalau mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu tarehe, wengi huvutiwa na Mei 18, Siku ya Makumbusho Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1977. Ni siku nzuri ya kutangazia, ila kwenye ukanda wa Pwani mvua za masika huenda bado zinanyesha, na vijijini watu wengine hawajamaliza kuvuna. Kati ya Julai na Septemba mambo huwa mepesi zaidi. Angalieni pia Ramadhani inaangukia lini.

Bajeti ianzie kwa watu. Nauli, malazi, chakula na posho ya kila fundi na mchezaji viandikwe na kukubaliwa kabla, na vilipwe siku ileile. Mzee aliyesafiri usiku kucha asifuatilie malipo yake dirishani. Baada ya hapo ndipo mje kwenye fito, kamba, udongo na nyasi za kuezekea, kisha mahema na vipaza sauti.

Siku yenyewe, ujenzi usikamilishwe kabla wageni hawajafika. Acheni ukuta mmoja haujakandikwa, ili watoto wa shule wachanganye udongo kwa miguu na kuukandika kwa mikono yao. Tengeni mahali pa kuwasha moto karibu na uwanja wa ngoma, na mwambieni mlinzi mapema, kwani ngozi ya ngoma iliyolegea kwa unyevu lazima ipashwe motoni mpaka sauti irudi, na nimeshuhudia wapigaji wakizuiwa kuwasha moto hadi ngoma zikalia kama debe. Mgeni rasmi akichelewa, ratiba iendelee. Si haki kuwaweka wachezaji juani kwa saa mbili wakisubiri hotuba.

Kurekodi kufanyike kwa idhini ya wahusika, na kila picha iandikwe jina la fundi, kijiji chake na jina la kitu kwa lugha ya jamii pamoja na Kiswahili. Nakala zirudishwe kwao ndani ya miezi michache, zikabidhiwe kwa mkono.

Linabaki suala la nyumba iliyojengwa. Nyumba ya nyasi huhifadhiwa na moshi wa jiko lake, unaofukuza wadudu wanaokula paa, na ikikaa bila moto huanza kuoza mapema. Kabla wazee hawajapanda basi, elewaneni nao nani atakayeliwasha jiko hilo kila wiki, kwa kuni gani, na nani atakayerudi kuezeka upya nyasi zitakapochakaa.