Krisanthemu Changa: Usizime Taa kwa Kuhesabu Siku

Kosa ni lilelile kila msimu. Kitalu-nyumba kimepandwa vizuri, matuta yamenyooka, mabomba ya matone yanafanya kazi, na bado maua yanafunguka juu ya vijiti vya sm 45 wakati mnunuzi wa maua ya kukata anataka shina la 70 au 80. Ukimwuliza mwenye shamba alizima lini taa za usiku, zile zinazouzuia mmea usitoe ua mapema, hujibu bila kusita: "Siku ya kumi na nne, kama nilivyoelekezwa." Basi hapo ndipo hasara ilipoingilia, na mbolea yoyote aliyoweka baadaye haikuweza kuirudisha.

Kuandaa tuta, nafasi ya kupanda, kumwagilia na kulisha mnayajua, sitayazungumzia. Nashughulika na swali moja tu: mmea mchanga umekuwa tayari kuingizwa kwenye maua, au bado?

Krisanthemu ni mmea wa siku fupi, na kwa kweli unachokipima ni giza. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha bila kukatizwa, ncha ya shina huacha kutoa majani na kuanza kutengeneza ua. Ukiwasha taa katikati ya usiku, mmea huhesabu usiku huo kuwa mfupi na kuendelea kukua. Aina nyingi huanza kutunga ua pale mchana unaposhuka chini ya takriban saa 14 na nusu, na matumba hukua vizuri chini ya saa 13 na nusu. Kwa anayelima karibu na Ikweta, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, maana yake ni kwamba mmea uko tayari kutoa ua tangu siku ya kwanza. Kinachouzuia ni taa zako peke yake. Kwa aliye mbali na Ikweta, katika majira ya mchana mrefu jua lenyewe hufanya kazi ya taa, na kuugeuza mmea uanze ua hufanywa kwa kuufunika kwa pazia jeusi. Nikisema "kuzima taa" humu, wewe wa pazia soma "kuanza kufunika". Uamuzi ni uleule.

Sasa tazama kinachotokea baada ya kuzima. Ncha ya shina tayari imebeba majani machanga kadhaa ambayo hujayaona kwa macho. Hayo yataendelea kufunguka na pingili zake zitarefuka, kwa hiyo mmea hausimami siku ileile. Lakini majani mapya hayatengenezwi tena. Urefu uliobaki una mwisho wake, na mwisho huo umewekwa usiku ule ulipozima taa. Ndiyo maana mmea ulioingizwa gizani ukiwa na sm 15 haufiki 80 hata uubembeleze vipi. Kinachopatikana ni shina jembamba, majani machache, na ua dogo, kwa sababu majani ndiyo yanayolilisha ua.

Hesabu ya siku inadanganya kwa sababu siku hazilingani. Wiki mbili za jua kali na usiku wenye joto la wastani zinaweza kufanya kazi ambayo wiki tatu za mawingu hazimalizi. Vipandikizi vilivyokaa kwenye ubaridi wa ghala muda mrefu huchelewa kushika. Trei iliyopandwa ikiwa na mizizi mirefu iliyozunguka chini huduwaa siku kadhaa kabla ya kusonga. "Siku kumi na nne" iliyoandikwa kwenye karatasi ya msambazaji wa miche ni makadirio ya mtu ambaye hajaliona tuta lako.

Najua pia kwa nini watu wanaharakisha. Aina za krisanthemu hupangwa kwa wiki zinazopita tangu giza lianze hadi kuvuna, nyingi zikiwa kati ya 7 na 10. Mkulima ana siku ya soko mkononi, anahesabu kurudi nyuma wiki 8, na tarehe inamwangukia wakati mimea bado ni midogo kwa sababu alichelewa kupanda. Anazima hivyohivyo. Nisikilize vizuri: wiki uliyoipoteza wakati wa kupanda huwezi kuichukua kwenye muda wa taa. Ukifanya hivyo utafika sokoni siku iliyopangwa ukiwa na bidhaa ambayo soko halikuiagiza.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chukua rula au futi ya fundi cherehani. Pima kutoka usawa wa udongo hadi kwenye ncha inayokua, pale majani madogo yanapokutana. Usipime hadi kwenye kilele cha jani refu lililosimama; jani hilo linaweza kukuongezea sm 4 au 5 ambazo shina halina, na hili nimelikuta kwa watu waliolima miaka mingi, si wageni. Udongo ukiwa umeliwa na maji kuzunguka shina, weka kipande cha ubao juu ya tuta, kisha pima kuanzia hapo.

Pima mimea 20 kwa kila tuta, ukiiokota kwa kuruka hatua, mmoja hapa mmoja kule. Acha mistari ya pembeni na ncha za tuta, kwa kuwa huko mimea hupata mwanga na upepo tofauti na wenzake. Usichague iliyopendeza. Andika kila kipimo. Mimea 16 kati ya hiyo 20 ikiwa imefikia kimo ulichokusudia, tuta liko tayari. Ikiwa ni 10 tu, rudi baada ya siku tatu. Wastani usiutegemee peke yake, maana mimea mitano mirefu inaweza kuuvuta juu huku nusu ya tuta ikiwa bado chini, na hiyo nusu ndiyo itakayorudishwa na mnunuzi.

Kimo gani basi? Kwa maua ya kukata yenye shina moja, mara nyingi kinaangukia kati ya sm 25 na 35, lakini usiichukue namba hiyo kama amri. Kila aina ina nyongeza yake, yaani urefu inaouongeza kuanzia taa zinapozimwa hadi kuvunwa. Ipate nyongeza hiyo shambani kwako: funga uzi kwenye mimea 10, pima siku ya kuzima, pima tena siku ya kuvuna, toa. Baada ya msimu mmoja unayo. Tuseme aina yako huongeza sm 55, mnunuzi anataka shina la 80, na wewe hukata ukiacha kisiki cha sm 8. Mmea mzima unatakiwa ufike 88. Toa 55, unabaki na 33. Basi ni 33. Siyo 25 "kwa kuwa inaonekana imejaa". Msimu wa mawingu na msimu wa jua kali weka kumbukumbu mbili, kwa sababu nyongeza hubadilika.

Kimo peke yake hakitoshi kukiwa na mizizi mibovu. Shika shina karibu na udongo, livute juu taratibu. Likikataa na udongo ukainuka kidogo, limeshika. Likitoka na kijitope kilekile kilichotoka nacho kwenye trei, mmea huo haujaanza kazi, hata kama umerefuka. Kurefuka bila mizizi mara nyingi ni dalili ya kubanana na kukosa mwanga.

Kabla hujagusa swichi, ifungue ncha. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayofichua yaliyotokea usiku ukiwa umelala. Chagua mimea mitano sehemu mbalimbali, hasa ile iliyo mbali na balbu. Tenganisha kwa ukucha majani madogo ya kileleni. Katika mmea unaokua sawasawa, kila jani changa lina mikato yake ya pembeni, na ndani kabisa unakuta ncha laini ya kijani iliyochongoka. Ukiona majani ya juu yamekuwa membamba, marefu, bila mikato, kama utepe, na katikati yake kitufe cha duara kisichozidi kichwa cha pini, mmea huo umekwisha kuanza ua kabla hujauruhusu. Tafuta sababu: balbu iliyoungua, taimeri iliyoruka baada ya umeme kukatika, au mwanga hafifu. Mwanga unatakiwa usipungue luksi 100 (luksi ni kipimo cha mwangaza) kwenye kimo cha ncha za mimea, ukipimwa sehemu yenye giza kuliko zote, katikati ya balbu na balbu. Kupima chini ya balbu ni kujidanganya. Muda wa kawaida ni saa nne usiku hadi saa nane usiku, kila usiku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mimea ikipanda juu, balbu zinahitaji kuinuliwa au mpangilio wake kuangaliwa upya.

Kitufe cha namna hiyo kinaweza kutokea pia kwa mkulima aliyengoja kupita kiasi. Mmea ukiachwa chini ya taa wiki nyingi mno huanza tumba lake hata hivyo, halafu tumba hilo linakwama na vitawi vinachipuka chini yake. Kwa hiyo usilichukue onyo langu kama ruhusa ya kungoja miezi. Lakini kwa mmoja aliyechelewa, nawakuta wengi waliowahi.

Wanaokata ncha ili mmea utoe matawi hupima kuanzia pale tawi lilipochipuka, kwa hesabu ileile ya nyongeza, na hupima tawi la pili kwa urefu, siyo lile kubwa lililotangulia. Kwa mimea ya vyungu kimo kinatakiwa kiwe kifupi, kwa hiyo utaratibu unageuka: aina ndefu huingizwa gizani siku ileile ya kukata ncha au hata kabla, na aina fupi huachiwa wiki moja au mbili zaidi za taa. Ukichanganya aina ndefu na fupi kwenye laini moja ya taa utaikosea mojawapo. Tenganisha swichi, au tenganisha kwa pazia.

Ukishaamua, zima kabisa. Giza liwe saa 12 hivi mfululizo, au 13 kwa wa pazia, na wiki tatu za kwanza usikose hata usiku mmoja. Kila usiku ulioharibika wakati huo unasogeza mavuno na kufanya tuta lichanue kwa mafungu. Taa ya ulinzi inayomulika kupitia plastiki inatosha kuharibu. Usiseme ni ndogo. Mashamba mengi hubana gharama ya umeme kwa kuwasha taa dakika 6 na kuzizima dakika 24, kisha kurudia hivyo kwa saa nne, na mimea huhesabu kama zimewaka muda wote. Ikiwa dakika 6 zinatosha kuizuia mimea isitoe maua, taa ya mlinzi inayowaka usiku kucha itafanya nini? Ingia ndani ya kitalu usiku, kaa dakika tano macho yazoee giza, kisha tazama pembe na mishono ya pazia. Kila tundu unaloliona, mmea nao unaliona.

Wa pazia, jihadharini na joto. Ukifunika jua likiwa bado kali, chini ya pazia panakuwa tanuri, na usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 27 huchelewesha matumba. Funika saa kumi na mbili jioni, na nje pakishakuwa giza kabisa, funua hewa ipite. Funika tena kabla hakujaanza kupambazuka, ufunue saa moja asubuhi. Ni usumbufu, lakini giza linabaki saa 13 na joto linatoka.

Dalili kwamba mambo yamekwenda sawa: kiasi cha wiki tatu hadi nne baadaye tumba linaonekana kwa macho kwenye ncha, tuta zima kwa wakati mmoja.

Na aliyekwisha kuzima mapema, akasoma haya leo? Kama zimepita siku tatu au nne tu, washa taa usiku huuhuu. Ncha nyingi zitaendelea na majani na hutapoteza kitu zaidi ya siku hizo. Kama zimepita wiki mbili, usiwashe. Ua limekwisha tungwa, na taa zitakupa matumba yaliyokwama na vitawi visivyo na kazi. Endelea na giza, vuna mashina mafupi, yafunge kwa mashada madogo ya mezani, na mweleze mnunuzi urefu halisi kabla ya kupakia. Halafu, kama ulipima mimea 10 yenye uzi siku ya kuzima, ipime tena wakati huo wa kuvuna. Nyongeza utakayoipata ni ya kweli hata kama shina ni fupi, na ndiyo utakayoanza nayo hesabu ya tuta linalofuata.