Gari la zamani linatetemeka ukifika 90? Anzia hapa kabla hujanunua spea

Wengi gari ikianza kutetemeka wanakimbilia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi), lakini alaimenti mbovu kawaida inavuta gari upande na kula tairi, mtetemo ni kitu kingine.

Kwanza sikiliza unausikia wapi. Steringi ikicheza, angalia matairi ya mbele, ukiusikia kwenye siti zaidi basi nenda nyuma. Unaoanza kama 80 hivi, unazidi kwenye 100 halafu unapungua ukiongeza spidi, mara nyingi ni balansi ya tairi, yaani risasi ya rimu (kile kichuma kidogo cha kusawazisha uzito) imedondoka au tope limeganda ndani ya rimu, osha kwanza ni bure. Ukija ukikanyaga breki tu, ni diski. Ukija ukikanyaga mafuta na ukiachia unapotea, shuku sivi joint ya ndani (kiungo cha ekseli upande wa giaboksi), na kama gari inasukumwa na matairi ya nyuma kagua krosi za propela (viungo vya lile shafti refu la chini ya gari).

Bado hujaelewa? Simamisha gari, weka nyutro, kanyaga mafuta upandishe resi (mzunguko wa injini) mpaka ile ya barabarani gari inapotetemeka. Ikitetemeka pale pale ni injini au maunti zake (raba zinazoishikilia), acha matairi.

Tairi usilionee huruma jamani. Papasa pembeni kote, ukikuta uvimbe hilo halifai hata kwa balansi, toa, maana likipasuka kwenye spidi mnaweza kufa. Soma na namba nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyo ubavuni mwa tairi, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, kashata (meno ya tairi) zinaweza kuonekana mpya na raba imeshachoka. Mwisho piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ni beringi au boljointi (kiungo cha mpira kinachoshika tairi), ikicheza ukishika kulia na kushoto tu ni tairodi (chuma cha steringi kinachogeuza tairi).