Namna ya kupumzika bila misuli kulala, tuwaangalie Wahadzabe

Ukitaja mageuzi ya binadamu wengi wanawaza mafuvu ya makumbusho tu, kumbe yanakuhusu hapo hapo ulipokaa. Binadamu wa aina yetu tupo duniani miaka kama laki 3, na karibu muda wote huo tumeishi kwa kutembea, kuwinda na kuchimba mizizi, hivi viti vya kuegemea vya kukaa kutwa nzima vimekuja juzi tu.

Sasa usidhani watu wa kale walikuwa hawapumziki. Kule Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe ambao mpaka leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, watafiti wakawafunga vipimo vya mwendo mapajani, majibu yakatoka 2020: wakiwa macho wanapumzika karibu masaa 10 kwa siku, yani hawapishani sana na watu wa maofisini! Ila afya ya moyo wao iko safi. Tofauti moja kubwa ni wanavyopumzika, mara nyingi wanachuchumaa au wanapiga magoti, na hapo misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo na kutumia mafuta yaliyo kwenye damu. Kwenye kiti misuli hiyo karibu inazima.

Kwahiyo anza kuchuchumaa hivi. Tanua miguu usawa wa mabega, vidole vya miguu vielekee nje kidogo, shika mguu wa meza nzito au fremu ya mlango, shuka taratibu mpaka makalio yakaribie visigino. Visigino vikinyanyuka (wengi wetu vinanyanyuka kwa sababu kifundo kimekaza) viwekee kanga iliyokunjwa chini yake, wiki zinavyoenda unaipunguza unene. Nusu dakika inatosha kwa kuanzia, usishindane na mtu. Halafu ifanye ukiwa na shughuli, unachambua mchicha, unaongea na simu, unasubiri maji yachemke, ukichoka piga magoti kwenye mkeka au kaa kigoda kifupi, cha msingi ubadilishe mkao. Ofisini ambako huwezi kuchuchumaa mbele za watu, inuka kila nusu saa utembee kidogo.

Na jamani tuache kuwagombeza watoto wakichuchumaa eti ni ushamba, uwezo huo wanao tayari, sisi ndio tunawapokonya.

Mwenye goti bovu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au mama mwenye mimba kubwa asilazimishe, aongee kwanza na mtu wa fiziotherapia.

Halafu usifanye hivi kwa kutegemea kitambi kiishe. Vipimo vilivyotoka 2012 vilionyesha Wahadzabe, pamoja na kutembea kote kule, wanachoma kalori karibu sawa na Wamarekani ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, kwahiyo kitambi kaanze nacho kwenye soda, maandazi na sahani ya usiku.