Miezi Saba ya Kungoja: Namna ya Kuwalea Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Masomo na Kazi za Kujitolea

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutangazwa Januari, na waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati ya tarehe hizo kuna takriban miezi saba ambayo kijana wa miaka 17 hana kengele ya kumwamsha, hana mwalimu wa zamu, na mara nyingi hana hata mtu wa kumuuliza ameshindaje. Hapa Moshi hatuna haja ya kuwatafuta mbali: asubuhi wamelala, mchana wako kijiweni wakibishana juu ya mkeka wa kubeti, na jioni mama anarudi kutoka sokoni Mbuyuni anakuta ndoo ziko vilevile alivyoziacha. Mzazi mwenye uwezo humwandikisha mwanawe kozi ya kompyuta au masomo ya matayarisho ya kidato cha tano. Si jambo baya, ila linamwongezea kijana kitu kingine cha kupokea, wakati kilichopungua maishani mwake ni mtu anayemtegemea yeye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mwalimu mstaafu, kiongozi wa kanisani au msikitini, au mwenyekiti wa mtaa anayetaka kuitumia miezi hiyo kuwazoeza vijana kuwajibika kwa njia mbili zinazokwenda pamoja, yaani masomo na kazi za kujitolea. Nimeandaa vikundi vya namna hii mtaani kwetu kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya ninayoshauri hapa niliyajua baada ya kukosea.

Maandalizi ya Desemba

Kikundi kianze Januari, lakini maandalizi yafanyike Desemba, kwa sababu kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya Uchagani kote watu huwa wamerudi nyumbani: wajomba wa Dar es Salaam, shangazi wa Mwanza, na wale ambao mwaka mzima husikika kwenye simu tu. Itisha kikao cha wazazi kati ya tarehe 27 na 30, kiwe kifupi, kabla watu hawajaanza kuhangaikia tiketi za basi. Usiombe michango mikubwa. Omba ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, nauli ya daladala kwa vijana wanaokaa mbali, na saa moja ya kila ndugu mwenye ujuzi, awe muuguzi, fundi umeme au mhasibu, ili azungumze na vijana kabla hajasafiri.

Ridhaa hiyo usiichukulie kuwa karatasi ya kujaza faili. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto, na wahitimu wengi wa kidato cha nne hawajafikia umri huo. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wapewe orodha ya majina, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ajulishwe, ili kijana anapobisha hodi kwenye nyumba asiyoijua awe na barua ya utambulisho mkononi.

Vijana wasizidi 12, kwa maana ukizidisha hapo hutaweza kumfuatilia kila mmoja. Changanya waliosoma shule za bweni za kulipia na waliosoma shule za kata, wasichana na wavulana, na usiwachague kwa tabia njema waliyo nayo tayari. Mwaka mmoja nilichukua wale tu walioletwa na sifa za walimu wao, nikapata kikundi tulivu ambacho hakikunihitaji.

Kazi ichaguliwe kwa swali moja

Mwaka wetu wa kwanza tulishona fulana, tukapanda miche ya miti kando ya barabara katikati ya Januari, tukapiga picha na kupongezana. Mtu yeyote anayelima Moshi angetuambia kwamba Januari na Februari ni jua na vumbi, na kwamba mche hungoja masika ya Machi, lakini hatukumuuliza mtu. Kufikia mwisho wa Februari miche ilikuwa vijiti. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuna kijana hata mmoja aliyejiona amemvunjia mtu ahadi, kwa sababu miche ile haikuwa na mwenyewe.

Tangu hapo kila kazi inayopendekezwa naipima kwa swali moja: kijana huyu asipokwenda leo, ni nani atakayejua kabla jua halijazama? Kama hakuna, kazi hiyo yaweza kuufaa mtaa, lakini kijana haitamjenga. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi washiriki kama wakazi wengine wote, wala usiuhesabu kuwa ndio huduma yao. Kuchangia damu nako ni jambo jema kwa aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, ila ni tendo la siku moja.

Kazi inayolijibu swali hilo vizuri kuliko zote niliyoiona ni kumhudumia mzee anayeishi peke yake. Ukipanda kutoka mjini kuelekea Uru, Kibosho au Old Moshi, utapita vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na nyumba, ambavyo amebaki bibi na ng'ombe mmoja wa zizini, huku watoto wake wote wakiwa mijini wanatuma fedha kwa simu. Fedha haikati majani ya ng'ombe, haichoti maji, haiondoi majani makavu ya migomba, wala haimsomei bibi maandishi madogo yaliyo kwenye pakiti ya dawa. Wapange vijana wawili wawili, kila jozi na mzee wake, siku mbili kwa wiki, na siku hizo zisibadilike, kwa sababu bibi akishazoea Jumanne na Ijumaa ataanza kuchungulia njiani, na kule kuchungulia kwake kunafanya kazi ambayo hotuba zangu hazikuwahi kuifanya.

Katika kila jozi awemo anayekielewa Kichagga cha mahali pale, kwa kuwa Kichagga cha Kibosho si cha Rombo, na watoto wengi wa mjini siku hizi hawana hicho wala hiki. Wafundishe kwamba ziara ya kwanza ni ya salamu: watoe shikamoo, wakae, waeleze wao ni watoto wa nani, na wasishike jembe kabla hawajaambiwa liko wapi. Bibi atawatuma, atawakosoa namna wanavyokata majani, na pengine atawarudisha kazini mara ya pili. Usiingilie kati.

Kwa vijana wenye nguvu zilizozidi, tafuta mfereji. Mifereji ya asili ya Kilimanjaro, ambayo wenyeji huiita mifongo, imedumu vizazi vingi kwa sababu kila anayeyatumia maji yake alitakiwa kutoka siku ya kuusafisha, na asiyetoka alitozwa faini. Ongea na wazee wanaousimamia mfereji, wawape vijana kipande chao, kuanzia mti fulani hadi jiwe fulani. Maji yakituama kwenye kipande hicho, mwenye shamba la chini atakuja mwenyewe kuuliza, wala hatakuja na maneno laini.

Masomo yatokane na kazi

Katikati ya wiki, asubuhi moja iwe ya masomo, na Jumamosi jioni iwe ya kusoma daftari. Sipendekezi mada za jumla kama uongozi bora au kujitambua, ambazo kijana huzisikiliza akitazama saa. Mada zitoke kwenye yale yaliyowashinda juma hilo. Jozi iliyokuta bibi ameacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu anajisikia nafuu itakuwa na hamu ya kumsikiliza muuguzi, na hamu hiyo huwezi kuipata kwa tangazo. Waliopewa fedha ya kumnunulia mzee mahitaji watajifunza kuandika mapato na matumizi, risiti kwa risiti, kwa kuwa mtoto wake ataziulizia.

Kila kijana awe na daftari lake, na kila juma aandike ukurasa mmoja wenye mambo matatu: niliombwa nini, nilifanya nini, na nini kilinishinda. Hilo la tatu ndilo lenye faida, na ndilo watakalolikwepa. Nikaona dawa ni mimi kuanza kusoma ukurasa wangu kila Jumamosi, pamoja na yaliyonishinda, na baada ya majuma matatu hivi wakaanza kuandika ukweli. Wenye kupenda vitabu waelekeze pia kwenye maktaba ya mkoa iliyopo mjini, ambayo wengi huipita kila siku wasiingie.

Wale wanaopenda kufundisha wapewe watoto wa darasa la pili au la tatu ambao kusoma, kuandika na kuhesabu bado kunawatatiza. Apewe mtoto mmoja au wawili tu, kwa makubaliano na mwalimu wao wa darasa, na vipindi viwe vya nusu saa, mahali pa wazi kama baraza la ofisi ya mtaa. Katika vipindi viwili vya kwanza kijana asifundishe chochote, asikilize mtoto akisoma na kuandika mahali anapokwama, kwa mfano kwenye silabi kama "ng'o" na "mbwa". Kazi za shule asimfanyie. Wapo vijana waliofaulu vizuri ambao hutoka kwenye kipindi cha tatu wamenyong'onyea, kwa maana wamegundua kwamba hawawezi kueleza robo ni nini bila kukariri, na hapo ndipo huomba kitabu cha hesabu wenyewe.

Siku ya matokeo

Mwishoni mwa Januari matokeo hutoka, na kikundi kisichojiandaa huvunjika siku hiyo. Aliyepata daraja la kwanza huona kazi ya kukata majani imempita, na aliyepata daraja la nne au sifuri huzima simu. Mambo haya nayashauri kwa msisitizo: usibandike wala usitume matokeo ya mtu kwenye kundi la simu, mtembelee aliyeanguka siku hiyohiyo nyumbani kwao ukizungumza kwanza na wazazi, na usiahirishe zamu inayofuata kwa sababu yoyote. Kijana aliyeambiwa na ukoo mzima kwamba hafai, kesho yake akamkuta bibi yuleyule anamngoja na kikombe cha chai, bila kujua wala kujali daraja lake, amepata kitu ambacho mimi sina uwezo wa kumpa.

Baada ya juma moja ndipo mzungumze njia zilizopo: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuomba nafasi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo ina chuo hapa Moshi, au vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mpeleke mwenyewe hadi chuoni akaone karakana, kwa maana jina la chuo halina mvuto kwa kijana aliyekwisha kukata tamaa.

Makosa na usalama

Kijana akikosa zamu, asitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, ambako "samahani sijaweza" huandikwa kwa kidole kimoja akiwa kitandani. Ampigie simu mzee mwenyewe au aende kumweleza. Usimwadhibu kwa kumwongezea kazi ya kujitolea. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kazi za mikono ziwe sehemu ya heshima ya msomi, lakini wengi wetu tunalikumbuka shamba la shule kama mahali walipopelekwa wachelewaji na wapiga kelele, na sijui adhabu nyingine iliyowafanya watu wengi zaidi kuchukia jembe.

Kosa likiwa kubwa, kwa mfano fedha ya mzee kupungua, chunguza kimya kimya kwanza. Ikithibitika, airudishe kwa jasho lake, akiwa na mzazi wake. Wachagga wana jani la isale, ambalo mkosaji hulipeleka anapoomba radhi, na ambalo aliyekosewa huona ugumu kulikataa. Niliwahi kumshuhudia mvulana mmoja akilishika jani hilo kwa mikono miwili mlangoni, machozi yakimtoka, naye hakuwa amejua maana yake hadi asubuhi ya siku hiyo.

Upande wa usalama usibishaniwe. Hakuna kijana anayekwenda peke yake, mtu mzima asiye na sababu ya kuwapo asiandamane nao, na wasichana wawe wamefika nyumbani kabla ya giza. Kila kijana ajue kwamba akiguswa au kuambiwa neno lisilofaa, hata na mtu anayeheshimiwa mtaani, amweleze mlezi, mzazi au afisa ustawi wa jamii, na kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto ipo. Fedha za kikundi zitumike kwa nauli, madaftari, na sufuria ya makande ya Jumamosi. Wazee wasipigwe picha wakikabidhiwa sabuni.

Kukabidhi zamu

Mwanzoni mwa Juni fomu za shule zinaanza kusomwa na mawazo ya vijana yamekwisha kuhama. Hapa ndipo vikundi vingi huisha kwa sherehe, na bibi akabaki kuchungulia njiani. Kati ya Julai na Desemba hutakuwa na wahitimu, kwa hiyo mapema mwezi Mei tafuta wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wa shule za kutwa, watakaokwenda Jumamosi tu. Kila anayeondoka aende na mrithi wake mara tatu: mara ya kwanza mgeni atazame, mara ya pili wafanye wote, mara ya tatu mgeni afanye na mwenzake anyamaze.

Barua ya kumthibitisha kijana isijazwe maneno kama "mchapakazi" na "mwadilifu". Iandike idadi: alipangiwa zamu 48, alihudhuria 43, katika tano alizokosa alitoa taarifa nne, alimfundisha mtoto mmoja kusoma kuanzia silabi hadi aya. Daftari lake la kila juma aondoke nalo. Daftari la zamu, lenye jina la bibi, saa za dawa zake, namba ya simu ya mwanawe na mahali panapowekwa panga, akabidhiwe anayebaki, nao watie sahihi wote wawili kibarazani kwa bibi, akiwapo na akisomewa kilichoandikwa humo, ili aseme palipokosewa.