Foklifti ikianza kupinduka, usiruke

Dereva wa foklifti ya kukalia (gari la kuinulia mizigo kwa uma mbili za chuma zilizo mbele, linaloendeshwa dereva akiwa ameketi) anapohisi magurudumu ya upande mmoja yakiinuka, mwili humtuma aruke, na hapo ndipo wengi hupoteza maisha, kwa kuwa paa la chuma lililowekwa kumkinga humwangukia na kumbana sakafuni kabla hajafika mbali. Abaki kitini akiwa amefunga mkanda (ambao, kwa masikitiko, mara nyingi hukaliwa badala ya kufungwa), ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na kuegemea upande ulio kinyume na ule inakoangukia foklifti. Kabla ya hapo, uma zisafiri sentimita 10 hadi 15 tu juu ya sakafu, kona ikatwe polepole, na kwenye mteremko mzigo uelekee juu daima, hata ikibidi kushuka kinyumenyume.