Gari ya zamani ikichemka kwenye foleni, angalia kava ya feni kwanza

Nyie mnaojenga magari ya zamani hapa Mombasa mkishaweka injini kubwa msikimbilie kununua rejeta mpya (ile ya kupoza maji ya injini) jamani. Yangu ilikuwa yachemka kila nikikwama foleni ya feri Likoni, ikienda mbio iko sawa tu, kumbe feni haina kava, yavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Nikakunja bati nikatengeneza kava inayofunika rejeta yote kwa nyuma, yenye tundu la feni, mapanga ya feni yakaingia humo karibu nusu, mianya nikaziba kwa raba, geji ya joto ikatulia. Na kutu, chumvi ya bahari yetu haina huruma, usipake puti (ile ya kujazia mashimo ya bodi) juu ya kutu kwani puti yanywa maji, kata mpaka ufikie bati linalong'aa ndio uchomelee kipande.